UZI: Kuonyesha ubomoaji kwenye ramani za Revit na ArchiCAD (programu za kuchora majengo kwa kompyuta), hasa nyumba za mawe za Amu (Lamu)

MchorajiAmu:

Assalam aleikum wanajukwaa.

Nafungua uzi huu kwa sababu ya zidaka tatu, yaani vishubaka vya ukutani. Mwaka jana tulikuwa na kazi Mkomani, mtaa wa hapa Amu, nyumba ya mawe ya zamani, na mwenye nyumba alitaka jambo dogo tu: ukuta wa matofali ya saruji uliowahi kujengwa katikati ya msana wa yuu (mojawapo ya kumbi ndefu za nyumba) uondolewe, msana urudie urefu wake. Ramani nilichora mimi. Ukuta wa kubomolewa niliuchora kwa mistari ya vipande-vipande. Boriti za dari nazo nikazichora kwa mistari ya vipande-vipande, maana ziko juu ya kimo ambapo ramani huikata nyumba. Na safu ya juu ya zidaka vilevile. Revit isipoambiwa vingine hukata nyumba mita 1.2 kutoka sakafuni, na sisi wachoraji tumezoea kuchora kilicho juu ya hapo kwa mistari hiyohiyo ya vipande.

Asubuhi ya kazi niliwaambia vijana neno moja: "Palipo na mistari ya vipande, ondoeni." Nikaenda zangu gatini kupokea chokaa. Niliporudi adhuhuri ukuta wa saruji ulikuwa chini, na zidaka tatu zilizokuwa zimepakana nao zilikuwa chini pia. Zilikuwa plasta ya chokaa iliyochongwa kwa mkono kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Vijana hawakukosea. Waliisoma karatasi kama nilivyowaambia waisome. Karatasi yangu ndiyo iliyosema mambo mawili kwa mstari mmoja.

Tangu siku hiyo sichori ubomoaji kwa mkono juu ya ramani. Nauweka ndani ya modeli yenyewe, yaani nyumba nzima iliyojengwa ndani ya kompyuta, kila ukuta, mlango na boriti vikijua vilikuwepo tangu lini na vinaondoka lini. Nieleze ninavyofanya, wenye ujuzi zaidi mnirekebishe.

Katika Revit kila kitu kina taarifa mbili za wakati: awamu kilipojengwa na awamu kinapobomolewa. Mradi mpya kwa kawaida unakuja na awamu mbili, ya vilivyopo na ya ujenzi mpya. Nyumba yote ilivyo leo naichora katika awamu ya vilivyopo. Kisha nafungua mwonekano wa awamu ya ujenzi mpya, nachukua ile nyundo ya kubomolea, nagonga ukuta wa saruji. Hapo modeli imejua kwamba ukuta huo ulikuwepo na sasa unaondoka. Sijachora mstari hata mmoja.

Kutoka hapo napata karatasi tatu katika modeli moja. Ya kwanza ni nyumba ilivyo: mwonekano wake uko awamu ya vilivyopo. Ya pili ni ya ubomoaji, nayo awamu yake ni ya ujenzi mpya, kichujio chake (mpangilio unaoamua kipi kionekane) ni kile kinachoonyesha yaliyotangulia pamoja na yanayobomolewa. Ya tatu ni nyumba itakavyokuwa: awamu ileile ya ujenzi mpya, kichujio cha kuonyesha kazi iliyokamilika. Wengi hupotea hapo kwenye ya pili. Wanaiweka awamu ya vilivyopo, halafu wanashangaa mbona hakuna kinachoonekana kuvunjwa. Katika awamu ya vilivyopo hakuna kilichovunjwa bado. Nyundo inapigwa katika kazi mpya.

Halafu ni sura ya kinachobomolewa. Programu inakuruhusu kuipa kila hali mistari na ujazo wake. Mimi nimeacha kabisa mistari ya vipande mitupu kwa ubomoaji. Kinachoondoka nakijaza misalaba midogo, na ukingo wake mzito. Mistari ya vipande nimeiachia boriti, zidaka za juu na wikio (chumba kinachovuka juu ya njia), yaani vitu vilivyo juu ya mkato.

---

BintiLangoni:

Shukran sana kaka kwa uzi, na pole kwa zidaka. Mimi nasoma uchoraji wa majengo mwaka wa pili, likizo nipo nyumbani Amu. Nina swali. Nimechora nyumba ya bibi yangu yote, vyumba, ngazi, mpaka birika. Nikigonga ukuta kwa nyundo unapotea kabisa kwenye ramani ya ubomoaji. Hauonyeshwi kama unaobomolewa, haupo tu. Nimejaribu vichujio vyote. Nimekosea wapi?

---

MchorajiAmu:

Dada, angalia sifa za ukuta huo, pale penye awamu ya kujengwa. Naamini utakuta imeandikwa ujenzi mpya.

Kitu chochote unachochora kinachukua awamu ya mwonekano uliomo. Mwonekano wa kawaida unaofunguka mradi ukianza uko awamu ya ujenzi mpya. Kwa hiyo umeichora nyumba ya bibi yote kama inajengwa leo. Unapogonga nyundo, programu inaona ukuta umejengwa na kubomolewa katika awamu moja, na kitu cha namna hiyo inakiita cha muda. Kichujio cha ubomoaji hakionyeshi vitu vya muda, ndiyo maana unapotea.

Dawa yake nyepesi: chagua vyote vilivyokuwepo, badilisha awamu ya kujengwa iwe ya vilivyopo, mara moja. Usifute chochote. Lakini vyumba, yaani yale majina ya ndani, msana, tekani, vitabaki awamu ya ujenzi mpya. Jina la chumba lina awamu moja tu na halihami, itabidi uyaweke upya kwenye ramani ya vilivyopo. Kazi ya dakika chache kwa nyumba moja.

Na hiyo hali ya muda isikuudhi, ina kazi yake nzuri sana kwetu. Magogo ya kushikilia dari wakati ukuta unatolewa, jukwaa la kusimamia mafundi, vyote hivyo vinawekwa na kuondolewa ndani ya kazi ileile. Nachora kila gogo mahali pake, najenga na kubomoa awamu moja, na nina mwonekano wake peke yake. Mzee mmoja wa chokaa aliponiona na karatasi ile alisema sasa ndio umeanza kuchora nyumba.

---

MkadiriajiMalindi:

Naona mada yangu. Mimi ni mkadiriaji gharama, nipo Malindi, kazi za Amu napata mbili tatu kwa mwaka. Ndugu zangu wachoraji, mnapochora ubomoaji kwa mistari ya kupaka juu, mimi nabaki kuhesabu kwa rula. Mkiweka ndani ya modeli mnanipa jedwali.

Mfano. Ukuta wa mawe wa mita 3, kimo mita 2.8, unene nusu mita. Hiyo ni mita za ujazo 4.2 za mawe ya matumbawe na chokaa ukiwa bado umesimama. Ukishavunjwa kifusi kinavimba, kinakuwa zaidi ya hapo. Hapa Malindi naita lori, kwisha. Mkomani lori linapita wapi? Ni punda, gunia kwa gunia, mpaka ufukweni, kisha jahazi kama kinaondolewa kisiwani. Gharama ya kutoa kifusi Amu inaweza kukuvunja mgongo usipoijua mapema. Na jiwe zuri la tumbawe halitupwi, linasafishwa linarudi kazini. Kwa hiyo mimi nataka jedwali lenye safu mbili: kinachoondoka na kutupwa, na kinachoondoka na kuwekwa.

Swali langu kwa MchorajiAmu: jedwali la vinavyobomolewa peke yake unalitoaje? Nimeona majedwali yanachanganya vya zamani na vipya vyote pamoja.

---

MchorajiAmu:

Ami, jedwali nalo lina awamu na kichujio kama ramani. Vichujio vinavyokuja na programu havina cha vinavyobomolewa peke yake, kwa hiyo unatengeneza chako: vipya visionekane, vilivyopo visionekane, vya muda visionekane, vinavyobomolewa vionekane. Ukikitia kwenye jedwali la kuta unapata kuta zinazoondoka tu, na ujazo wake. Ya kuwekwa na kutupwa nimeongeza safu yangu mwenyewe, naandika "hifadhi" au "kifusi" kwenye kila kitu ninachogonga nyundo. Nitakutumia.

---

ArchiPwani:

Kwa wanaotumia ArchiCAD kama mimi, mambo ni tofauti kidogo. Tangu toleo la 15, mwaka 2011, kila kitu kina hali yake ya ukarabati, nazo ni tatu: kilichopo, cha kubomolewa, kipya. Unachagua ukuta, unauambia wewe ni wa kubomolewa, basi. Vichujio vya ukarabati vinakupa ramani ya vilivyopo, ya ubomoaji na ya mwisho. Kwa nyumba moja inayofanywa kwa mara moja mimi naona ni rahisi kuliko Revit.

Pungufu lake ni kazi zinazokwenda kwa hatua. Familia inahamia chini, juu kunatengenezwa, kisha inahamia juu, chini kunatengenezwa. Hali tatu hazitoshi hapo. Revit inakuruhusu awamu nyingi unavyotaka.

Nami niulize: kwa nini wachoraji wengi wa Revit wanaongeza awamu ya tatu inayoitwa Ubomoaji? Nimefanya kazi katika ofisi moja huko Nairobi, ndio ulikuwa utaratibu wao, na kila siku kulikuwa na vurugu ya kuta kutoonekana.

---

MchorajiAmu:

Umesema kweli kabisa, na hili nina msimamo nalo. Kwa kazi ya kawaida awamu ya ubomoaji haihitajiki. Ndani ya kila awamu, programu inaelewa kwamba kinachobomolewa hutangulia na kinachojengwa hufuata. Ukiongeza awamu ya tatu katikati, ukuta uliobomolewa humo hauko tena unapofika ujenzi mpya. Kila mwonekano wa ubomoaji inabidi uuweke kwenye awamu ile ya katikati, na mchoraji mwenzako akisahau mara moja tu, ukuta wake unakuwa umebomolewa kwenye awamu nyingine na haumo kwenye karatasi.

Awamu ziongezwe pale wakati wenyewe umegawanyika. Mfano wako wa familia kuhama chini na juu ni halisi, hapo naweka awamu ya juu na awamu ya chini, na kila moja ina ubomoaji wake ndani yake.

---

FundiChokaa:

Wanangu, mimi si mtu wa kompyuta, mjukuu wangu ndiye ananisomea uzi huu na kuandika. Nimejenga na kutengeneza nyumba za mawe miaka mingi. Nina maneno mawili matatu.

La kwanza, nyumba ya Amu imepangwa safu kwa safu, msana wa tini, msana wa yuu, ndani. Boriti zinalala kutoka ukuta hadi ukuta, kwa ule upande mfupi, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu. Mti wa mkoko haufiki mbali. Basi zile kuta ndefu zinazotenga safu, zote zimebeba. Hakuna wa kupamba. Kompyuta yenu mkiigonga nyundo kwenye ukuta kama huo, je, inawaambia dari litakuja chini?

La pili, mlango wa zamani mkiufunga, muufunge kwa nini? Nimeona karatasi zinaonyesha mlango umeondoka na ukuta umejaa kama haujawahi kuwa na mlango. Mafundi vijana wanajaza kwa matofali ya saruji. Mwaka ukipita ufa umetokea pale umbo la mlango, kama kivuli chake.

La tatu, plasta. Kuta nyingi zimepakwa saruji juu ya matumbawe. Saruji hairuhusu ukuta kupumua, unyevu na chumvi vinabaki ndani, jiwe linaoza. Kazi yangu kubwa siku hizi ni kuitoa saruji ile na kurudisha chokaa. Huo si ubomoaji? Mbona siuoni kwenye ramani?

---

MchorajiAmu:

Shikamoo mzee wangu. Nakujibu moja moja kwa sababu kila neno lako ni kazi.

Kuhusu dari: hapana mzee, kompyuta haisemi chochote. Ukigonga ukuta unaobeba, boriti kwenye modeli zinabaki zinaelea hewani, na karatasi inatoka safi. Hili wachoraji vijana walijue. Modeli inajua wakati, uzito haiujui. Njia yangu ni kuchora mkato wa wima, nyumba ikionekana kutoka ubavuni, kila ninapobomoa ukuta, siyo ramani ya chini peke yake. Kwenye mkato boriti isiyo na pa kulala inaonekana kwa macho. Na kabla ya karatasi kutoka, naiweka mbele ya fundi kama wewe.

Kuhusu mlango, hapa umegusa jambo ambalo programu inalifanya yenyewe bila kukuuliza. Ukibomoa mlango katika ukuta uliopo, Revit inaziba tundu kwa kipande cha ukuta wa aina ileile. Kwenye modeli inaonekana tumbawe la nusu mita, kama lilivyokuwa tangu zamani, na fundi akiangalia karatasi haoni kwamba pale pana kazi ya kujengwa. Ndipo anajaza anavyojua. Kinachotakiwa ni kuchagua kile kipande cha kuziba na kukibadilisha aina. Mimi nina aina yake maalumu: mawe ya tumbawe kwa chokaa, yaliyofungwa meno na ukuta wa pande zote mbili. Nikiipa jina hilo linatokea kwenye jedwali, na mkadiriaji analiona.

Kuhusu plasta nakiri kwamba nilikuwa nachelewa kuliona. Ukichora ukuta ukiwa na plasta yake kama tabaka moja ndani yake, huwezi kugonga tabaka peke yake kwa nyundo, utaugonga ukuta wote. Siku hizi plasta ya saruji naichora kama ukuta mwembamba wa peke yake uliobanana na tumbawe. Saruji naigonga, tumbawe linabaki, na chokaa mpya naichora katika awamu ya ujenzi mpya. Inachosha kuichora, lakini karatasi ya ubomoaji inaonyesha ngozi ya saruji ikivuka nyumba nzima, na mita za mraba zake zinahesabika.

---

BintiLangoni:

Imefanya kazi! Nyumba ya bibi sasa imekaa awamu ya vilivyopo. Swali la mwisho: nataka kuondoa kipande tu cha ukuta, kufungua njia, na kipande cha sakafu ya juu kilichooza. Nyundo inachukua chote.

---

ArchiPwani:

Ukuta ukate kwanza kwa zana ya kugawanya, upate vipande vitatu, cha katikati ndicho ugonge. Sakafu ni vigumu kidogo: nakili sakafu, ya kwanza hariri mpaka wake ibaki sehemu nzima, ya pili ibaki sehemu iliyooza. Ya pili unaibomoa. ArchiCAD nayo ni hivyohivyo, hali ni ya kitu kizima.

---

MchorajiAmu:

Niongeze, kwa sakafu ya Amu usichore bamba moja la saruji kwa sababu tu programu ina bamba la saruji tayari. Chora boriti moja moja, kisha tabaka la mawe bapa, kisha kifusi na chokaa. Boriti zikiwa moja moja unaweza kubomoa ya nne na ya tano tu, nyingine zikabaki. Nimeona ramani ambapo dari zima limeandikwa "kubomolewa" na zilizooza zilikuwa boriti tatu za upande wa choo, palipokuwa panavuja.

Na kumbuka nyumba zilizo ndani ya eneo la hifadhi haziguswi bila idhini. Mji wetu wa kale umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ni ya 2006. Ramani ya vilivyopo na ya ubomoaji zikiwa wazi, yule anayekagua anaona kwa haraka kipi kinaondoka na kipi kinabaki. Ukimpa karatasi moja iliyochanganya yote ana haki ya kukurudishia.

---

MkadiriajiMalindi:

Rangi je? Wenzetu wa Ulaya wana desturi ya manjano kwa kinachobomolewa na nyekundu kwa kipya. Kuna hata kiwango cha kimataifa, ISO 7518 cha mwaka 1983, kinachohusu kuchora ubomoaji na ujenzi upya.

---

MchorajiAmu:

Rangi nazipenda kwenye skrini. Karatasi inayofika site hapa ni fotokopi ya fotokopi, nyeusi tupu, manjano inatoka nyeupe. Kinachobomolewa kikitoka cheupe fundi haoni kitu cha kubomoa, na kinachobaki kikitoka kijivu anaweza kudhani ndicho. Ndiyo maana nikachagua misalaba. Mnaotuma faili kwa programu nyingine, hali ya kitu inasafiri ndani ya IFC, aina ya faili ya kubadilishana modeli kati ya programu: mpya, kilichopo, cha kubomolewa, cha muda. Hakikisheni imetoka sawasawa upande wa pili kabla ya kuamini.

---

FundiChokaa:

Mjukuu amenisomea yote. Nimefurahi na hilo la boriti moja moja. Sasa mimi nataka kitu kimoja kwenye karatasi yako. Boriti zipe namba. Nami nitapanda na chaki, niandike namba ileile kwenye dari, kila boriti. Nikimwambia kijana toa ya nne, atazame karatasi na atazame juu, aone nne na nne. Na zidaka vilevile, ziandikwe kwa maneno: USIGUSE.

---

MchorajiAmu:

Mzee, nimefanya sasa hivi. Boriti 22 kwenye msana wa yuu, namba 1 inaanzia upande wa kiwanda, yaani ua wa ndani. Za kutoa ni 4, 5 na 17. Zidaka zilizobaki zimezungushiwa mstari mzito na neno lako limeandikwa kwa herufi kubwa. Karatasi naileta mwenyewe kesho baada ya laasiri, na chaki nanunua mimi.

---

FundiChokaa:

Leta na ngazi. Ya kwetu imevunjika kipago.